Unga wa Noela Niliouosha Mara Saba

"Mama Salumu, hivi hayo maganda ya mayai unampelekea mganga gani?"

Aliyeniuliza ni Auleria, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ilikuwa mwaka jana, mbele ya bomba la maji, watu wamejaa na ndoo zao. Mie nilikuwa na kiroba cha maganda kichwani, natoka kuyakusanya kwa wakaanga chipsi wa kule hosteli za wanachuo.

"Nampelekea mpangaji wangu," nikamjibu.

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka nao, nikapita. Sikujua kwamba swali lile litakua mpaka liwe barua ya mtendaji.

Ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, nimpe kwa ufupi. Mie ni mjane, naishi Mabibo, nakaanga maandazi. Chumba changu kimoja nimempangisha Noela, binti wa Masasi aliyesomea kemia. Noela anachukua mafuta machafu yaliyokaangia chipsi, anayageuza yanakuwa dizeli. Kinachoyageuza ni unga mweupe wa maganda ya mayai, anayoyachoma kwenye tanuri la pipa uani kwangu mpaka yanakuwa kama chokaa. Majirani waliona moshi, wakaona maganda, wakaona mjane. Wakajumlisha wenyewe. Mtendaji wa mtaa akatuandikia kwamba ikifika Ijumaa jioni, pipa, tanuri na kila kitu kiwe kimeondoka.

Niliishia pale Mzee Mohamedjaffer, mwenye mashine ya kusaga nafaka kule Tandale, alipotupa tumaini. Nyuma ya mashine yake kuna ua mkubwa hautumiki. Atatuachia tufanyie kazi humo, ila kwa sharti: Alhamisi twende tukaitengeneze hiyo dizeli mbele ya macho yake, na iwashe injini anayoitumia umeme ukikatika. Ikiwaka, ua ni wetu. Isipowaka, tusirudi.

Hapo ndipo tulipo. Sasa nataka kusema nilichokifanya Jumanne.

Jumatatu asubuhi Noela alijiandaa kwenda Ukonga. Dada yake, Monica, alikuwa amejifungua, akaomba aende siku mbili kumsaidia.

"Mama," akaniambia, "kopo la kichocheo lipo juu ya kabati. Usilifungue. Ndiyo hicho tu kilichobaki mpaka chuo kifunguliwe."

Kichocheo ndilo jina analouita ule unga. Wanachuo walikuwa likizo, vibanda vya chipsi vingi vimefungwa, maganda hakuna. Kopo moja la bati, nusu yake unga. Basi.

Alikwishanieleza kwa nini anaupenda hivyo. Wenzake wengi wanatumia dawa inayoyeyukia ndani ya mafuta, na ikishayeyuka huioni tena, inabidi dizeli isuuzwe kwa maji mengi kuitoa. Wake hauyeyuki. Kazi ikiisha unatuama chini ya sufuria, unauchukua, unauchoma tena, unaurudisha kazini.

"Ni kama mafiga, mama. Yanapika ugali, lakini hayaliwi."

Aliniambia mfuniko usikae wazi. Kuhusu maji hakuniambia neno. Na angeniambiaje? Nani anawaza kwamba kuna mtu ataosha unga?

Jioni ya siku ile Auleria akaja kuchukua maandazi ya kesho. Akasimama mlangoni, jicho lake likaenda uani.

"Naona na wewe siku hizi ni mteja wetu."

"Mteja wa wapi?"

"Wa baa. Lile pipa la bluu si letu? Lenye rangi nyekundu mdomoni. Nimelijaza mafuta kwa mikono yangu hii. Shemeji yako alikuja kulichukua wiki ya juzi."

Auleria anapika kwenye baa. Anachokaanga hakifichi, kimeandikwa ubaoni nje kwa chaki: kitimoto, yaani nguruwe.

Nikamuuliza, "Mafuta ya kukaangia nini?"

"Mama Salumu, na wewe. Sie tunakaanga nini kingine?"

Aliponiona uso akaacha kucheka. "Jamani, mie nilijua unajua. Si kwa ajili ya kazi za Noela? Au nimeharibu?"

"Hujaharibu," nikasema. Nikamfungia maandazi yake kwenye gazeti. Nikamzidishia mawili bila kukusudia.

Shemeji anayesemwa hapo ni Ismail, mdogo wake marehemu mume wangu. Ana kibanda cha chipsi getini kwa hosteli, na ndiye anayetupa mafuta machafu. Likizo ilipoanza mafuta yalimpungukia. Badala ya kuniambia, akaenda kuokota ya baa akaniletea kimyakimya.

 Mafuta yale Noela alikwishayajaribu wiki iliyopita. Yalipita kwenye sufuria, kwenye mwiko ninaoushika mimi, kwenye chujio. Na ule unga wa kopo ulizama humo, akautoa, akauchoma tena. Alhamisi vitu hivyo viende kwenye mashine ya Mwislamu mwenzangu, anayesaga unga wa watu.

Nimwambie nani?

Ismail ndiye aliyenilisha miezi minne na siku kumi za eda yangu. Hakuna siku alikuja mikono mitupu. Nitamsimamisha nimuulize mbele ya nani?

Na Noela ni Mkristo. Tumekula sinia moja miaka miwili. Jumapili akitoka kanisani hupita kwa Auleria na wenzake, wanakula, anarudi. Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kunionyesha. Nikimwambia vitu vyake vimenitia unajisi, ataanza kujiuliza na yeye namhesabu wapi.

Nikaamua kutomwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu, kabla ya yale mengine yote.

Nilipokuwa mtoto, madrasa kule Lindi tulifundishwa hivi: kilichoguswa na nguruwe kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Sikuongeza wala sikupunguza.

Jumanne baada ya sala ya alfajiri nilimrudishia Auleria pipa lake. Alilipokea bila kuuliza. Kisha dumu la njano, ambalo Noela hupakulia mafuta kutoka pipani, nikalisugua, nikalijaza mafuta yangu mwenyewe, yale ninayoyaweka kando kila nikimaliza maandazi. Nikaosha sufuria. Nikaosha mwiko, chujio, ndoo. Saba, saba, saba, nahesabu kwa sauti nisije nikaruka.

Nikalishusha kopo.

Hapo ningesimama. Sikusimama.

Nikaumwaga unga kwenye beseni, nikatia konzi ya udongo msafi, nikamimina maji.

Ulilia. Chiiii, kama nyama inapotua kwenye mafuta ya moto. Maji yakachemka peke yake, hakuna moto, hakuna jiko. Mvuke ukapanda usoni kwangu. Nilikuwa nimeshatumbukiza mkono, nikauchomoa vidole vimeiva.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilisema alhamdulillahi. Niliona najisi inatoka kwa macho yangu, inatoka ikipiga kelele.

Maji ya pili hayakulia sana. Ya tatu yakanyamaza kabisa. Nikajua umetakata. Nikamaliza zote saba, nikachuja kwa kipande cha kanga safi, nikauanika kwenye sinia juani. Mpaka alasiri umekauka, laini kuliko mwanzo. Nikaponda madonge yake, nikaurudisha koponi.

Kopo lililokuwa nusu likajaa mpaka shingoni.

Nikaona ni baraka. Nikasali rakaa mbili za kushukuru.

Jumatano Noela akarudi, amechoka, ana furaha, ananionyesha picha za mtoto kwenye simu. Mara akaona kitambaa mkononi.

"Mama, umefanya nini?"

"Mafuta ya maandazi yameniruka."

Uongo wa kwanza huo. Alikwenda dukani akarudi na dawa ya kuungua, akanipaka kidole kimoja kimoja, anapuliza. Nilitazama ukuta.

Tukakaa kunywa chai. Akapiga funda moja, akanusa kikombe.

"Kikombe changu kinanuka udongo."

"Maji ya bomba leo yametoka machafu," nikasema.

Huo wa pili.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa Tandale. Mzee Mohamedjaffer alikuwa keshakaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa mashine, kofia kichwani, miwani puani, tasbihi mkononi. Ndani fundi wake, Fransis, anaifuta injini kama anaipeleka harusini. Nje, foleni ya wanawake na madebe yao ya mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Binti hajambo? Haya, leo nataka nione kila hatua. Mimi si mtu wa kuambiwa."

Ismail alikuja nyuma yetu na dumu la njano begani. Akalitua, akajipangusa jasho.

"Mzee, andaa kachumbari kabisa. Mashine ikiwaka hapa itanukia chipsi, watu wataleta sahani badala ya mahindi."

Foleni ikacheka. Mzee naye akatabasamu kidogo. Ismail akaniangalia, akakwepesha macho upesi. Alijua anachokijua, na mie nilijua anachokijua. 

Noela akapanga vyombo vyake. Jiko la gesi, sufuria, kipimajoto, ile spiriti kali asiyoniruhusu kuigusa. Akabandua mfuniko wa kopo.

Akainama, akachungulia.

"Mbona limejaa?"

Hakumuuliza mtu. Akachota kwa kijiko, akausugua kwa vidole, akautazama juani. Ulikuwa na rangi ya kijivu kwa mbali. Akanigeukia.

Nikaangalia injini.

"Mama, kopo hili lilifunguliwa?"

Kabla sijapata la kusema, Mzee Mohamedjaffer akajisogeza kitini. "Binti, kuna tatizo? Kama kuna tatizo sema mapema, nina wateja."

Noela alimtazama, akatazama foleni, akanitazama mimi tena.

"Hakuna tatizo, mzee. Umechukua hewa kidogo. Tunaanza."

Akapasha mafuta. Akamimina spiriti, akatia ule unga, akafunika, akawasha kile kimashine chake cha kukorogea. Kikaanza kunguruma. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili. Wanawake walisaga wakaondoka, wakaja wengine. Mzee akanywa chai mara mbili. Mie nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu, navuta uradi kimoyomoyo.

Saa saba kasoro akazima. Akamimina kwenye ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, ili wote waone.

Niliwahi kuona kazi yake ikikubali. Ukiacha itulie, juu kunabaki kitu chepesi cha kung'aa, rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji. Chini yake kinakaa kizito cheusi, na chini kabisa unga wake umelala kama mchanga. Tabaka tatu, hata mtoto angezihesabu.

Tukasubiri nusu saa. Tabaka hazikuja.

Ndoo nzima ilikuwa uji. Mzito, mweupe, unatingishika.

"Hiyo dizeli au uji wa mgonjwa?" mwanamke mmoja akauliza.

"Tia sukari tuonje," akasema mwingine.

Fransis akachovya kidole, akakisugua kwenye kiganja, akatema mate kidogo juu yake. Kukatoka povu.

"Mzee, hii sabuni."

"Nimeona," akasema Mzee Mohamedjaffer. Aliweka tasbihi mfukoni. "Binti, mimi nina mashine ya unga. Nguo sifui hapa."

Noela akachuchumaa mbele ya ndoo. Akautazama ule uji. Huyu ni mtu aliyeacha kazi ya kufundisha kwa ajili ya ndoo hiyo. Akainuka polepole, akamwendea Ismail.

"Kaka Ismail, umetia maji kwenye mafuta."

"Nani? Mie?"

"Yalikuwa hayatoshi, ukajazia maji. Sema tu."

"Sista, usinifanyie hivyo mbele za watu. Maji yanatoka wapi?"

"Kinachofanya hivi ni maji. Hakuna kingine. Maji yakiugusa ule unga umekwisha, hauna kazi tena, unageuza kila kitu sabuni. Miaka miwili nalilinda kopo lisipate hata hewa ya mvua. Wewe unaniletea maji kwenye dumu."

Maji.

 Ule mlio wa beseni. Ule mvuke. Kopo lililojaa. Kumbe haikuwa najisi iliyokuwa inakimbia. Ilikuwa kazi ya Noela.

Nilipaswa kusimama pale pale. Ndugu zangu mnaosoma, mtanihukumu, na mna haki. Nilibaki juu ya gunia langu, mkono uliofungwa nimeuficha chini ya mtandio.

Ismail alikuwa anatoka jasho mpaka shingoni. Aliapa kwa Mungu hajatia maji. Noela akasema kama si maji ni nini, awaambie watu. Fransis akasema wakaanga chipsi ndivyo walivyo, hata chumvi wanaipunja. Watu wakacheka. Ismail akanitazama mimi, jicho la mtu anayezama, nami nikainamisha kichwa. Akadhani namwambia mambo yamejulikana.

"Basi," akasema. "Basi, imetosha. Sijatia maji, wallahi. Nilichofanya ni kingine. Mafuta si yangu. Chuo kimefungwa, sina mafuta. Niliyachukua baa."

"Baa gani?" Mzee Mohamedjaffer aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Kule Mabibo."

"Wanakaanga nini huko?"

Ismail akafuta uso kwa shati. "Kitimoto, mzee."

Mashine ilikuwa imezimwa, na foleni yote ikasikia. Mzee Mohamedjaffer akainuka kitini. Aliitazama ile ndoo, akaitazama injini yake, kisha kinu chake hatua tatu kutoka pale.

Mwanamke wa mbele akainama, akajitwisha debe lake. Wa pili akamfuata. Wa tatu, aliyekuwa keshasaga, akafungua mfuko wake akaunusa unga.

"Kina mama, subirini," akasema mzee. "Subirini kwanza. Fransis, ongea na watu."

"Niongee nini, mzee? Jamaa kasema mwenyewe."

"Miaka thelathini na mbili nasaga hapa," mzee akamwambia Ismail. "Watu wanalisha watoto wao kutoka kwenye kinu hiki. Mtoto wangu wewe nimekukosea nini?"

Ismail akapiga magoti.

Hapo ndipo niliponyanyuka. Sitajisifu. Si uchamungu ulioninyanyua, ni aibu ya kumwona aliyenilisha kwenye eda amepiga magoti kwenye pumba za mahindi kwa kosa nililolifuta mimi na jingine nililolifanya mimi.

"Mzee, hapa hakuna nguruwe."

Wote wakageuka.

"Pipa la baa nililijua Jumatatu. Jumanne nikalirudisha. Haya yaliyomo humu ni mafuta ya maandazi yangu, nimeyakaanga mwenyewe. Hata tone la baa halipo. Anayetaka twende Mabibo akaulize."

"Unaapa?"

"Naapa mzee, na nina udhu."

Mwanamke wa pili akashusha debe. Wa kwanza alisimama nalo kichwani, anasikiliza.

Ismail akainua uso. "Shemeji. Ulijua tangu Jumatatu? Umeniacha navuliwa nguo hapa, unanitazama tu?"

 Na swali lililokuwa linakuja lilikuwa zito zaidi. Noela alinisogelea, hatua moja, hatua nyingine.

"Na vyombo, mama?"

"Niliviosha. Sheria yetu, mara saba."

"Sawa. Vyombo si kitu. Na kopo?"

Nikausukuma mkono ndani zaidi ya mtandio.

"Mama. Na kopo?"

"Nalo."

"Umeosha kopo, au umeosha unga?"

Nikautoa mkono chini ya mtandio, nikaunyoosha. Alinipaka dawa yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji maelezo. Alivitazama vidole vile kama anavisoma.

"Umeuosha unga," akasema.

"Mara saba."

Fransis akapasua kicheko, mtu akamkanyaga, akakimeza. Mzee Mohamedjaffer hakucheka. Aliniuliza, "Moja kwa udongo?"

"Moja kwa udongo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeijua sheria ile na uzito wake. Akarudi kitini kwake, akakaa, akavua miwani, akaifuta. Nilidhani anatafuta maneno ya kutufukuza.

"Binti," akasema, "unga mwingine unatengenezwa kwa muda gani?"

"Saa nne za moto, mzee. Lakini maganda hakuna, na huu umeingia udongo, haufai kuchomwa tena. Chuo kimefungwa."

"Mwanangu Mehdi anaoka keki. Kila siku trei kwa trei za mayai, na maganda anatupa. Nikimpigia sasa hivi atayaleta ndani ya saa moja. Mafuta ya huyu mama yapo?"

"Dumu moja limebaki nyumbani," nikasema haraka. "Safi, mzee. Halijaguswa."

"Basi chomeni leo. Kesho saa mbili asubuhi mnatengeneza hapa, mbele ya watu hawa hawa, wajue kinu changu ni kisafi. Ikiwaka, ua mnahamia kesho hiyo hiyo, kabla mtendaji hajafika kwenu." Akanyoosha kidole. "Lakini mara ya mwisho. Sina moyo wa kuona hivi tena."

Ismail akainuka, akajikung'uta magoti. "Mkaa naleta mie," akasema bila kunitazama. "Magunia mawili."

 Yule mwanamke wa kwanza akashusha debe lake. Wote tukamgeukia Noela, maana moto, kipimo, spiriti, ni yeye tu anayevijua. Bila yeye sie wengine ni watu wenye maganda na mkaa.

Noela hakuwa anamsikiliza mzee. Alikuwa bado anatazama mkono wangu.

"Siku mbili nilikuwa Ukonga na simu mfukoni," akasema. "Kwa nini hukunipigia?"

"Niliogopa utadhani nakuona wewe ndiye mchafu."

"Ulinionaje?"

"Wewe ni mwanangu, Noela."

Akawa kama anataka kuikubali. Nilimwona, uso ulianza kulegea. Kisha kuna kitu kikampitia, akakunja paji la uso, taratibu, kama anapotafuta kosa kwenye daftari lake.

"Jana kikombe changu kilikuwa kinanuka udongo."

Wanawake walikuwa wanasikiliza. Ismail pia.

"Kikombe changu, mama. Na jana usiku sahani yangu niliiona imehamishwa, nikasema nimesahau mwenyewe nilipoiweka. Uliingia chumbani kwangu." Hakupandisha sauti. "Vile vilikuwa ndani ya pipa la mafuta?"

Hili sikuwatajia hapo juu, na mlidhani nimewaambia vyote. Jumanne ile, nilipomaliza ndoo na chujio, nilitazama mlango wake nikakumbuka Jumapili zake kwa Auleria. Ufunguo wa akiba ninao. Niliosha kikombe, sahani mbili, kijiko. Saba, saba, saba. Nikavirudisha nikidhani namtendea wema.

"Havikuwa," nikasema.

Noela akaingiza mkono mfukoni. Akatoa ufunguo wa chumba, ule wenye uzi mwekundu niliomfungia mimi siku alipohamia asiupoteze. Akauweka juu ya mizani ya mzee, pale wanapopimia mahindi. Mshale haukutikisika.

"Binti," Mzee Mohamedjaffer akamwita. "Mehdi nimpigie au nisimpigie?"

Noela akachukua mkoba wake na daftari lake la vipimo. Kopo aliliacha. Akapita katikati ya foleni, wanawake wakamwachia njia, akatoka getini bila neno jingine. Hakugeukia upande wa Mabibo.